Baba, Mukecuru Amevuta Bila Moshi

Baba,

Nimechoka. Sitaanza kwa kukuuliza hali, kwa sababu ulikuwa ukizicheka barua zinazoanza hivyo, na leo kukuuliza kungekuwa utani mbaya. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya lori lako, jioni ya kiangazi cha 2014, na kila gari likipita vumbi la barabara ya Kibondo linakuja kusoma pamoja nami. Mgongo unauma. Kucha zina grisi ambayo sabuni ya mche imeshindwa kuitoa. Na bado nina furaha, Baba, furaha nyingi mpaka naona aibu kidogo, kwa sababu wewe hupo.

Nimeolewa.

Najua Mama ameshakuambia katika sala zake, lakini Mama hufupisha mambo. Nimeolewa na Deo. Ndiyo, Deo yule yule wa Rungwe Mpya, mtoto wa wale wazee waliokuja kutoka Burundi zamani, wakalima hapa mpaka wakawa raia. Ndiye aliyekuwa akiendesha lori la mizigo wakati kambi ya wakimbizi ya Mtabila inafungwa. Siku moja ulimwona akipandisha kilima, ukasema, "Huyu anabadili gia kama mtu anayekoroga uji." Nilicheka pamoja nawe, wala sikujua namcheka mume wangu.

Ulipofariki alikuja msibani. Alipasua kuni muda wote wa matanga, akakaa nje na wanaume. Siku ya mwisho, watu walipoanza kutawanyika, nilimkuta amefungua boneti ya lori lako. Alikuwa akitazama tu, mikono ameiweka nyuma. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema, "Namsalimia marehemu."

Hapo, Baba, nilikwisha.

Sijui nikueleze vipi bila kukuaibisha. Ananiita rukundo rwanje, mpenzi wangu, kwa Kirundi cha kwao, hata nikiwa nimebeba ndoo ya oili chafu na kitambaa kimeteremka mpaka kwenye nyusi. Akikohoa uani nikiwa jikoni, najua ni yeye, na moyo unaruka kama wa msichana wa kidato cha pili. Asubuhi ananichotea maji ya kuoga kabla hajachota yake. Majirani wamemwona, wamesema, na yeye anaendelea kuchota. Ungemtania sana. Halafu ungempenda.

Harusi ilibebwa na Mukecuru. Nimeliacha lori lako na jina hilo ulilompa, bikizee, na bado namsema kama mtu. Tulimfunga majani ya mgomba mbele, Mama akamtandikia kitenge chake kizuri kwenye kiti, wanakwaya wakapanda nyuma na ngoma zao. Tulipopita sokoni, madereva wa kijiweni walisimama wote. Nilidhani wanatupongeza. Mmoja akapaza sauti, "Deo hajaoa mke jamani, ameoa lori. Mke amepewa kama tairi la spea." Walicheka mpaka wakashikana mabega. Deo naye alicheka na kupiga honi. Lakini nilikuwa nimeushika mkono wake, na niliuhisi ukikaza.

Uchovu wangu ulianzia pale. Wiki ileile aliniambia, "Mwaka huu Mukecuru anavuta. Na atavuta na mimi."

Mashindano ya kuvuta unayajua kuliko mimi, lakini acha niyaseme, maana nikiyasema nakuona umesimama pale na kofia yako ya mafuta. Mahindi na maharage yakishauzwa, malori ya Kasulu na ya Kibondo yanakutana kwenye ule uwanja mwekundu, pale watu wa barabara walipochimba kifusi. Magogo yanafungwa kwa minyororo kama kitanda kikubwa, yanapangwa mawe juu, lori linayavuta, kigingi kinapigwa pale linaposimama, na anayefika mbali zaidi ndiye bingwa, anaondoka na beberu. Lakini mawe ni mwanzo tu. Mzigo wenyewe ni watu. Wapinzani wako wanajipanga kandokando ya njia, na magogo yakiwafikia wanaruka juu yake kukuongezea uzito. Ndiyo maana Kibondo huleta wauza nyama wao wote wenye vitambi, na sisi huwapelekea akina mama wa kwaya. Ukishapitwa umepitwa, kukimbilia magogo ni marufuku.

Na hawaruki ovyo. Wanangoja moshi. Lori likitoa moshi mweusi wanajua injini imeanza kuumia, hapo ndipo wanaruka. Kuruka mapema ni kupoteza mtu, lori likiwa bado na nguvu linamchukua kama abiria.

Mshindani wetu ni Alhaji wa Kibondo, bado ni yeye. Ana ndugu zake Pwani, spea zake zinatoka Dar zikiwa kwenye maboksi. Mwaka huu aliagiza tabo mpya, ile konokono ya chuma inayosukuma hewa ndani ya injini. Sisi, Baba, tulikuwa na tabo kutoka basi lililokufa nyuma ya gereji. Nilitia kidole nikaitikisa mhimili wake kama ulivyonifundisha, ukasimama imara. Nikaiosha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani mpaka ikang'aa. Deo akachomelea shingo ya kuiunganisha, akachomelea tena kwa sababu ya kwanza ilivuja. Ekzosi tulitengeneza kwa bomba la maji, limenyooka juu moja kwa moja bila kona ya kubana pumzi. Rejeta kubwa ya kupozea injini tuliitoa kwenye lori lililokatwakatwa vyuma, ikawa inatoboka tunaziba, inatoboka tunaziba. Springi za klachi tulibadili tukaweka ngumu, mpaka Deo akawa anachechemea mguu wa kushoto. Nyuma tulipakia viroba vya mchanga ili matairi yang'ate ardhi.

Yote hayo tuliyafanya baada ya safari za mizigo, siyo badala yake. Tunarudi kutoka Kagerankanda na maharage ya watu, tunashusha, kisha tunaingia chini ya gari. Kuna siku nilisinzia nimeshika spana. Kuna siku Deo alisali chakula akamalizia kwa kutaja namba ya bolti. Hiyo ndiyo fungate yetu. Nilikuwa nikimtazama ana vumbi kwenye kope, nikajisemea hakuna mwanamke Kasulu aliyepata kama mimi. Ninasema kweli.

Ugomvi wetu wa kwanza ulitokana na skrubu.

Unaijua ni ipi. Ile ya pampu ya dizeli, ambayo hukumruhusu fundi mwingine hata kuitolea macho. Kwa sababu ya tabo, hewa iliongezeka, kwa hiyo skrubu ilistahili kufunguliwa kidogo ili dizeli nayo iongezeke. Niliifungua mwenyewe. Niliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, nikasikiliza mpaka sauti ikawa nzito na safi. Deo akampeleka Mukecuru kijiweni kumjaribu na mzigo. Akavuta vizuri kabisa, ila moshi ulikuwa haba, wa kijivu, kama wa jiko lililokaribia kuzimika.

Wale wakacheka. "Tabo umefunga au umechora?" "Bikizee huyo amekula nini leo?" "Muulize mkeo yuko wapi moshi, labda ameuweka kwenye kabati."

Kesho yake nilikuwa naosha maharage uani nikasikia Mukecuru anawashwa. Kabla sijaona kitu nilijua Deo ameifungua skrubu zaidi. Sauti ilikuwa ya mtu anayekula huku anaongea. Nikainua macho, moshi mweusi umesimama juu ya paa la jirani, na vijana barabarani wanapiga makofi.

Nilingoja azime. Nikamwambia, "Baba alikuwa akisema moshi ni dizeli iliyokataa kufanya kazi." Akasema, "Rukundo, watu hawaoni hewa. Wanaona moshi." Nikasema watu hao hawatatununulia gasketi. Akasema, "Sasa unaongea kama baba yako." Nikamjibu, "Unataka niongee kama baba wa nani?" Tukakaa kula. Ugali ule ulikuwa mkubwa kuliko hamu yetu.

Skrubu niliiacha pale alipoiweka. Yeye ndiye fundi sasa, na mke mpya hashindani na mumewe huku majirani wamekaa ukutani. Lakini nilijua tunacheza na nini. Mukecuru ndiye anayetulisha, sisi wawili na Mama. Injini ikiungua hatuna nyingine, na hatuna jinsi ya kupata nyingine. Deo alijua pia. Alikuwa akilijua hilo huku akilisikia lile neno la tairi la spea, na maneno yote mawili yalikuwa yakimla.

Siku ya mashindano watu walikuwa wengi, wengine wamepanda juu ya lundo la kifusi. Alhaji alikuja na kanzu yake nyeupe isiyoogopa vumbi. Alinishika mkono akasema, "Pole, binti yangu. Uwanja huu bila baba yako ni soko tu."

Kila lori lilikuwa na zamu mbili. Zamu ya kwanza Deo alivuta na moshi wake. Baba, ulikuwa moshi wa kuogofya, uwanja ulitiwa giza, na watu wa Kasulu walipiga kelele mpaka nikaziba masikio. Watu wa Kibondo walipoona weusi ule wakaruka kwenye magogo kama kuku wanaopanda kulala. Wauza nyama walipanda. Mama lishe mmoja alipanda na kijiko chake cha kupakulia. Mukecuru akajikaza, akatetemeka, akasimama. Alhaji akaja na lori lake lenye tabo ya boksini, akavuta, akakipita kigingi chetu kwa mbali.

Nilikwenda na kikapu cha chakula kama mke anayempelekea mumewe, maana sikutaka mtu aseme nimekwenda kumsema. Deo alikuwa amechuchumaa nyuma ya tairi la mbele. Rejeta ilikuwa inachemka, inatoa sauti kama ya chai. Mshale wa geji ya joto ulikuwa umelala mwisho kabisa. Alikuwa ametazama chini. Nikaweka kikapu, nikakaa karibu naye. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bisibisi, akanipa.

"Rudisha," akasema. "Irudishe pale ulipoiweka wewe."

Nilijifunga kanga vizuri, tukangoja Mukecuru apoe, tukamwongezea maji, Deo akamwasha. Nikainama ndani ya boneti mbele ya Kasulu na Kibondo yote. Nilisikia mtu akisema, "Leo mke ndiye fundi, mume ni utingo." Nikaweka mpini sikioni na kuwaacha waseme. Nikarudisha skrubu, kidogo, na kidogo tena, mpaka nikaisikia ile sauti nzito na safi. Sikulia pale. Nalia sasa, samahani kwa doa hili kwenye karatasi.

Zamu ya pili Alhaji alitangulia, akaishia nyuma ya kigingi chake mwenyewe. Kisha Mukecuru akaondoka bila moshi. Ule wa kijivu tu, mwembamba. Watu wetu walikata tamaa palepale, wakaanza kuzomea, "Amezima huyo." Na watu wa Kibondo, Baba, hapa nataka ucheke, watu wa Kibondo walisimama wakingoja moshi. Walidhani Deo bado anaipasha injini moto. Mukecuru akampita wa kwanza, akampita wa pili. Wauza nyama wanatazamana, vitambi mbele, kila mmoja anamngoja mwenzake aone weusi. Yule mama lishe akauliza kwa sauti, "Jamani, ameshaanza au hajaanza?" Walipokuja kuelewa, magogo yalikuwa yamewapita wengi wao. Waliobahatika kuruka walikuwa wachache, wembamba wa mwisho wa mstari. Mukecuru akakipita kigingi cha Alhaji akaendelea, taratibu, kama mtu anayekwenda kisimani.

Magogo yakasimama. Kisha kelele zikapasuka pande zote. Kibondo wakapinga. Wakasema hawakupanda, kwa hiyo hajavuta. Kasulu wakasema kutopanda ni shauri lenu. Mwamuzi, yule dereva mstaafu, akavua kofia akajikuna. Mwisho Alhaji akaja katikati na kutoa neno: Mukecuru avute mara ya tatu, watu wote wa Kibondo wakiwa wamekaa juu ya magogo tangu mwanzo. Akivuta hivyo, yeye mwenyewe atampa Deo mkono. Asipovuta au akikataa, ile ya pili isihesabiwe. Mwamuzi akakubali. Watu wakashangilia, hata wetu. Walitaka kuona.

Deo alipanda ngazi, akatazama geji, akaweka kiganja kwenye rejeta, akakiondoa haraka. Alinitazama mara moja. Sikutikisa kichwa wala kufumba jicho, naapa, nilitaka liwe neno lake. Akashuka.

"Sivuti," akasema. "Keshokutwa lori hili linakwenda Kagerankanda kubeba maharage ya watu."

Unajua kilichofuata. "Ameogopa." "Spea imekataa." Yule wa kijiweni akasema, "Nenda kwanza kamwulize mkeo." Na Deo wangu, Baba, Deo ambaye tangu siku ya harusi alikuwa akilibeba neno lile kama kiroba cha mchanga, akamgeukia akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimeshamwuliza." Akaanza kufungua mnyororo.

Alhaji alikuja pembeni yangu. Hakuwa na kejeli, nadhani alikuwa na huzuni. Akasema polepole, "Baba yako angevuta, binti yangu."

Neno hilo nimelibeba njiani kote mpaka nyumbani. Nililibeba Deo akiendesha, nililibeba tukishusha viroba vya mchanga, na ndilo lililonikalisha hapa kwenye ngazi. Kwa sababu ni kweli. Ungevuta. Wewe uliyenifundisha kusikiliza injini ungepanda, ungefunga mlango, na ungevuta kwa sababu watu wanakutazama. Ulishafanya hivyo. Nilikuwa shule ya msingi, nilikuwa nimekaa mabegani mwa baba mdogo nikikushangilia, na injini ikapasuka mbele ya macho yangu. Mwaka ule Mama alilima mashamba ya watu mpaka mikono ikavimba, na wewe ulikaa kwenye benchi la nje bila kumtazama mtu. Hatukuwahi kuliongea. Mama hajalitaja hata leo.

Kwa hiyo sikiliza, nakuambia jambo ambalo nisingeweza kukuambia ukiwa hai. Nilipomwona Deo anafungua mnyororo, nilimpenda kuliko siku aliyokuwa akikusalimia kwenye boneti. Nilimpenda kwa sababu hakufanana na wewe. Nimekuwa nikikutafuta katika kila kitu tangu ulipoondoka, katika harufu ya oili, katika kikohozi cha wanaume barabarani. Leo nimechoka kutafuta, na sikusikitika kutokukuona. Kisha nikasikia uchungu wa kutosikitika. Unanielewa? Labda huko ulipo kuna nafasi ya kuelewa.

Beberu wa ushindi amekwenda Kibondo. Deo amelala kwenye mkeka chini ya lori, mdomo wazi, mguu ule wa klachi ameunyoosha. Mama ametoka kumfunika kwa kanga yake mwenyewe. Amesimama pale muda mrefu kuliko kufunika kunavyohitaji, kisha akasema kwa Kiha, kama anaongea na ukuta, kwamba mwaka huu halimi shamba la mtu. Akaingia ndani.

Lala salama, Baba. Siji na maua, maua ya kiangazi hiki yote yamekauka, nitakuja na jembe nipalilie pale ulipolala mvua zikianza. Na nakuahidi hili. Mungu akitujalia mtoto, nitamwambia babu yake alikuwa na sikio ambalo Kasulu nzima haikuwa nalo, na nitamfundisha alivyonifundisha. Na akiwa mkubwa wa kutosha, nitamwambia pia kwamba babu angevuta. Nitamwambia yote mawili kwa sauti ileile.

Mwanao,
Leokadia